Nina B1 ya Kijerumani, mbona Waamishi wa Lancaster siwaelewi?

BintiKibosho

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa anayejua, hasa mlioko Pennsylvania, Marekani.

Nilisoma Kijerumani pale Goethe-Institut Dar mpaka nikafaulu B1, yaani ngazi ya kati, nikitegemea kwenda Ujerumani. Mipango ikabadilika, nikaolewa na mtu aliyeko Lancaster, na sasa nina miezi mitano huku. Nimepata kazi siku tatu kwa wiki sokoni, kwenye meza ya familia moja ya Waamishi, wale Wakristo wanaoishi maisha ya kizamani. Tunauza mboga, matofaa, mayai na mikate. Mimi wananisemesha Kiingereza, ila wao kwa wao wana lugha yao ambayo mume wangu aliniambia ni "Dutch". Nikajua basi ni Kiholanzi. Siku ya pili nikasikia "Kinner", nikasikia "Haus", nikasikia "kumm", moyo ukaruka. Hiki si Kijerumani jamani? Nikaona ada yangu haikwenda bure.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta Ijumaa. Mama alikuwa mbele anapanga meza, binti yake na mimi tuko nyuma kwenye maboksi ya matofaa. Mama akauliza kwa sauti, "Wieviel?" Hapo nimeelewa, anauliza ngapi. Binti akajibu, "Nein." Nami nilikuwa nimeshanyanyua boksi la kwanza, niliposikia hapana, nikalirudisha chini, nikasimama. Mama akasubiri wee, mwishowe akaja mwenyewe kuniuliza kwa Kiingereza mbona nimesimama. Nikamwambia binti amesema hapana. Wakatazamana. Kumbe binti alisema TISA. Mimi tisa niliyofundishwa ni "neun", na "nein" ni hapana!

Na si hiyo tu. Viazi wanaviita "Grumbeere", mimi najua "Kartoffeln". Kuku ni "Hinkel", farasi ni "Gaul". Msichana mmoja aliniuliza "Was is letz?" na mpaka leo sijui aliuliza nini. Bibi yao nilimwamkia kwa Kijerumani changu nilichokipanga vizuri kabisa tangu nyumbani. Alinyamaza, akanitazama kwa adabu kama mtu aliyeko kanisani, kisha akanijibu Kiingereza.

Hii ni lugha gani hasa? Ni Kijerumani kilichoharibika? Na nianzie wapi? Watu hawa wamenipokea vizuri, natamani kuwaelewa.

Mzalendo77

Dada hicho ni Kijerumani kibovu kimechanganywa na Kiingereza, usijichoshe. We kaza Kiingereza chako. Ila mjue Kijerumani kilibakiza kura moja tu kiwe lugha ya taifa la Marekani, leo hii tungekuwa tunaongea mengine.

JaShirati

Dada, karibu Lancaster. Mimi ni mtu wa Shirati, mkoa wa Mara. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa, na kwa miaka saba sasa kazi yangu ni kuwaendesha Waamishi. Utaratibu wao hauwaruhusu kumiliki gari, lakini kupanda la mwenzio hakuna ubaya, kwa hiyo wanakodi. Nina veni ya abiria 11. Saa kumi na nusu alfajiri niko barabara ya 340 karibu na kijiji cha Bird-in-Hand nakusanya mafundi wa paa, nawapeleka mwendo wa saa moja na nusu hadi kwenye ujenzi, jioni nawarudisha. Muda wote huo ndani ya gari ni Deitsch tupu. Nitakueleza nilichojifunza kwenye usukani, na kingine nimekisoma baada ya kuguswa.

Kwanza jina. Wenyewe wanaiita Deitsch. Hilo "Dutch" la Waingereza halina habari na Uholanzi. Zamani Waingereza waliwaita hivyo watu wa nchi zote za Kijerumani, na kwa hawa jina likaganda.

Pili, mzalendo, nakuomba ulirudishe hilo neno "kibovu". Kijerumani alichosoma dada ni kile cha vitabuni. Ujerumani yenyewe kila sehemu ina lahaja yake, na Deitsch ilitoka Pfalz, upande wa mto Rhein, kwa karibu zaidi maeneo ya kuzunguka Mannheim. Nchi ile ilikuwa imechakazwa na vita. Majeshi ya mfalme wa Ufaransa yaliiteketeza Mannheim mwaka 1689. William Penn naye alikuwa amefungua koloni lake huku kwa ahadi kwamba hakuna atakayesumbuliwa kwa imani yake. Watu wakaanza kushuka Rhein, wakapanda meli, wakaja Philadelphia. Karne ya 18 walikuja wengi mno, hata Benjamin Franklin, mwanasiasa wa Philadelphia, mwaka 1751 akaandika kwa hasira kwamba hawa Wapfalz watawageuza Waingereza kuwa Wajerumani kabla wao hawajageuzwa Waingereza. Pamoja nao walikuja watu wa Baden, Württemberg, Alsace na Uswisi. Wakachanganyika kwenye mashamba haya unayoyaona, ndimi zikasuguana, ikatoka lugha moja ambayo haiko hivyo kijiji chochote cha Ujerumani. Hiyo ndiyo Deitsch. Ilizaliwa hapa.

Na wengi wao hawakuwa Waamishi! Hili lilinishangaza. Walio wengi walikuwa Walutheri na wa kanisa la Reformed, wakulima na mafundi wa kawaida. Waamishi, ambao walijitenga na Wamennonite wenzao, Wakristo wasiobatiza watoto wachanga, mwaka 1693 wakimfuata Jakob Ammann, walikuwa wachache tu. Familia kadhaa zao zilishuka Philadelphia mwaka 1737 kwa meli iliyoitwa Charming Nancy. Leo ukisikia Deitsch unawaza Mwamishi kwa sababu wale wengine wameiacha. Vita vya kwanza vya dunia vilifanya Kijerumani kionekane lugha ya adui, shule zikakaza Kiingereza, wazazi wakaacha kuwarithisha watoto. Kwenye mnada wa farasi pale New Holland kuna mzee Mlutheri, umri kama wa baba yangu, akiona Mwamishi anamkimbilia kuongea naye Deitsch. Watoto wake wanne hakuna anayeweza kumjibu. Akimaliza kuongea anabaki ameshika kofia mkononi, hana haraka ya kuondoka.

Kuna jambo moja hapa linalonigusa sana. Mwaka 1934 wenyeji wa Allentown, si Waamishi, walianzisha chama kiitwacho Grundsau Lodsch ili waiokoe lugha yao. Wanakutana, wanakula, wanaongea Deitsch, na atakayeponyokwa na neno la Kiingereza analipa faini. Mimi nikiwa darasa la tatu nilivalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kijaluo uwanjani. Nilikaa nacho mpaka saa nane, nikitafuta mwenzangu atakayekosea nimvishe. Sikuwahi kufikiria kuna watu duniani wameigeuza adhabu ile kichwa chini, ikalinda lugha ya nyumbani. Na mwaka huohuo wa 1934 ndipo Elam Stauffer na mkewe Elizabeth, Wamennonite wa kaunti hii ya Lancaster, walipofika Shirati kuanza kazi ya misheni. Bibi yangu mzaa baba alibatizwa kwenye kanisa lile. Mimi nimezaliwa kwenye hospitali ya Wamennonite, nimekulia kwao, na sikujua kwamba mababu wa wale wazungu nyumbani kwao walisema Deitsch.

Sasa tuje kwa bibi aliyekutazama kama yuko kanisani. Umesema vizuri mno, dada, maana ndivyo ilivyo. Waamishi wana lugha tatu. Deitsch ni ya nyumbani, shambani, kitandani, ya kumbembeleza mtoto. Kiingereza wanaanza kukijua hasa wakianza shule, kama miaka sita, na ndicho wanachoandikia barua na hesabu zao. Ya tatu wanaiita Hochdeitsch, Kijerumani cha Biblia ya Luther na cha Ausbund, kitabu chao cha nyimbo chenye asili ya mwaka 1564. Hiyo ya tatu wanaisoma na kuiimba. Hakuna anayenunulia nyanya. Kijerumani chako cha Goethe kiko karibu zaidi na hiyo. Kwa hiyo wewe ulisimama kwenye mboga ukamwamkia bibi wa watu kwa lugha ya madhabahuni. Hakukudharau hata kidogo. Hakuwa na lugha ya kukujibia isipokuwa Kiingereza.

Nililijua hili Novemba moja. Harusi zao hapa ni Novemba zaidi, Jumanne na Alhamisi, na dereva naye hukaribishwa ndani. Nilikaa benchi la nyuma, la mbao, halina egemeo. Wakaanza wimbo wanaouita Loblied, wa kumsifu Mungu Baba. Beti nne tu, na zilichukua karibu dakika ishirini! Silabi moja inapanda, inashuka, inazunguka, wanaume kwa wanawake sauti moja, hakuna kinanda. Jirani yangu alinishikia kitabu, herufi zile za Kijerumani za kizamani zilizonyongeka, akawa ananisogezea kidole silabi kwa silabi ili nisipotee. Mhubiri akasimama, akawa anasoma Hochdeitsch, anafafanua kwa Deitsch, anarudi, anaenda. Nikamkumbuka mchungaji wetu Shirati anavyosoma Biblia ya Kiswahili kisha anatelemka kwenye Kijaluo pale anapotaka maneno yaingie mifupani.

Kuhusu maswali yako madogo. "Letz" ni kuharibika au kutokuwa sawa, kwa hiyo "Was is letz?" ni "Kuna nini, kuna tatizo?" Huyo msichana alikuwa anakujali. Hapana ni "nee", tisa ndiyo "nein", lishike hilo maana litakurudia kila siku sokoni. Saba ni "siwwe". Kule ulikozoea "pf" wao wana "p" tu: Apfel yako ni "Appel", yakiwa mengi "Eppel". Ile "n" ya mwisho wa kitenzi itupe, useme "mache", "schaffe", "schwetze". "Wir" ni "mir", "nicht" ni "net". Na uwe macho na "gleiche". Kwako ni kufanana, kwao ni kupenda, wamelivuta kwa ajili ya neno la Kiingereza "like". Ukisikia "Ich gleich sell" mtu anasema anakipenda kile.

Ndiyo, maneno ya Kiingereza yamo. Gari ni "Kaer", uzio ni "Fens". Lakini mzalendo, wewe pesa yako unaiita hela, na mtoto unampeleka shule. Yote mawili tuliyapata kwa Wajerumani, na hakuna aliyesema Kiswahili kimeharibika.

Mzalendo77

Hapo kwenye hela na shule umenifunga mkuu, nimelirudisha neno. Ila lile la kura moja nalo vipi? Nilisoma mahali.

JaShirati

Hapana ndugu yangu, hayakuwa hayo. Hakujawahi kupigwa kura ya kukifanya Kijerumani kuwa lugha ya taifa. Wajerumani wa Virginia waliomba sheria za serikali zichapishwe kwa Kijerumani pia, wazielewe. Mwaka 1795 Bunge lilipojadili ombi hilo, hoja ya kuahirisha mjadala ndiyo iliyoshindwa kwa kura 42 kwa 41. Spika alikuwa Frederick Muhlenberg, mtu wa huku Pennsylvania mwenye asili ya Kijerumani, ndiyo maana hadithi ikamng'ang'ania yeye. Ombi lenyewe halikupita.

Chebet_Ludwigshafen

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, niko Ludwigshafen, hapo tu ng'ambo ya Rhein ukitoka Mannheim. Nafanya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi kwa nyumba ya wazee. BintiKibosho, pole, yako ni yangu! Nilikuja na B2 nikaingia kazini asubuhi ya kwanza, mzee akaniambia anataka "Grumbeersupp", nikazunguka jikoni nikiuliza hiyo ni dawa gani. Ni supu ya viazi. Neno ni tamu ukilifungua: Grundbirne, yaani pea la ardhini. Huku pia farasi ni Gaul. Na huyu mzee wetu akimaliza kuvaa viatu anasema "alla hopp", maana yake haya, twende.

Juzi niliposoma hii mada nilitafuta sauti ya mtu akiongea Deitsch, nikamchezea mama mmoja wa miaka 91 hapa. Huyu mama macho hayaoni vizuri na huwa haongei sana. Alishika mkono wangu nisiizime. Baadaye akasema, "Des is jo Pälzisch," yaani si ni Kipfalz hiki. Akaniuliza mtu huyo ni wa kijiji gani. Nikamwambia ni wa Marekani, babu zake walitoka huku karibu karne tatu zilizopita. Akakataa. Akasema huyo ni mtu wa hapa, ila ile "r" yake ameikunja vibaya. Tukairudia mara tatu mpaka wakati wa dawa ukafika.

BukavuLanc

Sisi Wakongo hiyo tunaijua. Kiswahili cha Bukavu watu wa Dar wanasemaga ni kibovu, na sisi tunalala nacho, tunaamuka nacho. Niko hapa Lancaster, nafanya kazi na vijana Waamishi kwa kiwanda cha makabati. Ile siku ya kwanza waliniita "Englischer", yaani Mwingereza. Nikasema hapana, mimi ni Mukongomani! JaShirati, na wewe wanakuitaga hivyo?

JaShirati

Kila siku. Kwao asiye Mwamishi ni Englischer, hata awe Mjaluo mweusi kama mimi. Mafundi wangu walipojua nina lugha ya nyumbani ambayo si Kiingereza, mazungumzo yalibadilika. Kuna mzee fundi hukaa kiti cha mbele siku zote. Siku moja alinyoosha kidole dirishani, ghala kubwa la shambani, akasema "Scheier". Akangoja. Nikasema "dero", ingawa dero ni ghala dogo la nafaka. Daraja, akasema "Brick". Nikasema "daraja", maana hilo hata Kijaluo chetu cha Mara tumezoea kulisema Kiswahili. Mahindi, "Welschkann". Nikasema "oduma". Tangu hapo kila asubuhi tunabadilishana mpaka kufika. Anajua kuhesabu hadi kumi kwa Kijaluo, achiel, ariyo, adek, na vijana nyuma wanamfuata. Wana kazi ya kupanda paa gizani, na ndani ya gari langu wanahesabu kama watoto wa Rorya, wilaya yetu kule Mara.

Dada, hili ndilo jibu la nianzie wapi. Usianze na vitabu, ingawa vipo. Hata Biblia nzima ya Deitsch ilitoka mwaka 2013. Anza kwa kuuliza jina la kitu ulichokishika. Ukishika kiazi, uliza. Wakikuambia Grumbeer, usiseme "lakini sisi tulifundishwa Kartoffel". Mimi nilikosea hapo mwaka wa kwanza, nilikuwa nimejifunza maneno machache ya Kijerumani kwa simu, nikamsahihisha kijana mmoja mbele ya wenzake kwamba kuku si Hinkel ni Huhn. Gari zima likanyamaza, na kwa wiki mbili walihamia Kiingereza wakiwa nami. Iliniuma, maana ni kibao kilekile nilichovishwa mimi darasa la tatu.

Na usidhani lugha hii inakufa. Hao Waamishi ni karibu watu 400,000 Marekani na Kanada, familia ya watoto saba ni kawaida, na idadi yao inaongezeka maradufu kila baada ya miaka ishirini hivi. Ukienda Holmes County kule Ohio utasikia matamshi mengine, na kuna Waamishi wa Adams County, Indiana, wanaosema lahaja ya Uswisi kabisa, hata hawa wetu inawabidi wakaze masikio.

BintiKibosho

Nimesoma yote mara mbili, ya pili nikimsomea mume wangu. Kaka JaShirati, ubarikiwe. Chebet, huyo mama wa miaka 91 nisalimie sana.

Leo nilikuwa kazini. Bibi alikuja kukaa kwenye kiti chake karibu na mikate. Wana nyumba yake ndogo iliyoungana na ya mwanawe, wanaiita Daadihaus, na siku za soko huja nao. Nilimpelekea tango. Sikumwamkia wala kumsomea chochote. Nilimwonyesha tu nikakaa kimya. Akasema, "Gummer." Nikasema, "Gummer." Akaniambia tena, midomo wazi kidogo zaidi, nikaona "r" imekunjwa kama alivyosema yule mama wa Chebet. Tukaenda pilipili, kabichi, vitunguu. Wateja wakaanza kujaa, mama akaniita, naye bibi akanishika aproni akasema "Hock dich hie," akipigapiga benchi. Nikajua ananiambia niketi. Nilikaa dakika moja tu, mama akaona, hakusema kitu.

Swali la mwisho: kila sentensi anamalizia na "gell?" Ni nini hiyo?

JaShirati

Ni "au siyo?" Anataka umuitikie. Sema "ya", itatosha.

Chebet_Ludwigshafen

Na huku "gell" ni hivyohivyo, kutoka asubuhi hadi jioni.